Chupa za Bi Mwatum

Chake Chake,
Jumanne, 2 Februari 1988

Mama yangu Bi Mwatum, shikamoo.

Mwanao Kazija amerudi salama kutoka kwenu Makoongwe, ila habari alizokuja nazo hazikunifurahisha. Anasema ukiinuka unashikwa na kizunguzungu, kutoka kisimani unasimama mara mbili njiani, na ukiambiwa habari ya hospitali unabadilisha mazungumzo. Mimi sikulazimishi kuja. Ninachoomba ni kidogo.

Kazi yangu ya maabara unaijua. Watu wawili wanaweza kuwa na kizunguzungu kimoja, huyu kwa upungufu wa damu na yule kwa sukari, na chakula kinachomfaa huyu kikamdhuru yule. Kwa hiyo tangu mwaka jana nimeanza jambo langu dogo. Mtu akishapimwa, majibu yakitoka, namwandikia karatasi ya chakula chake yeye peke yake. Si ya nyumba nzima wala ya mtaa. Mpaka sasa nimewaandikia watu ishirini na sita, na walio wengi wanaendelea vizuri.

Khatib, yule kijana wa boti wa huko kwenu, anakuletea chupa mbili ambazo nimezibandika jina lako. Ile kubwa ni ya haja ndogo. Ile ndogo ni ya haja kubwa, na kiasi cha ncha ya kijiko kinatosha. Zijazwe alfajiri, zifungwe vizuri, naye atavuka nazo Mkoani na kupanda gari la asubuhi ili zinifikie kabla ya adhuhuri. Tafadhali uniandikie na unachokula kila siku, pamoja na dawa zote unazotumia, za majani na za kombe la aya unalokunywa pia. Sizidharau hizo. Nataka kujua tu ni vitu gani vinakutana tumboni.

Wako mwana,
Hija Mjaka


Makoongwe,
Jumapili, 7 Februari 1988

Mkwe wangu Hija, marahaba.

Barua imefika. Baba mkweo Mzee Jaribu aliifungua na kunisomea, ingawa kusoma najua na cheti cha ngumbaru ninacho mpaka leo. Barua zote za nyumba hii anazifungua yeye, ndivyo alivyozoea, na mimi nimeacha kugombana juu ya hilo.

Umeuliza ninachokula. Asubuhi chai ya rangi kwa sukari vijiko vitatu na muhogo wa kuchemsha. Mchana wali ukiwapo, usipokuwapo ndizi mbichi au muhogo tena, na mchuzi wa samaki wa nazi. Usiku kilichobaki mchana. Tende na halua tukiletewa. Dawa ninazotumia ni uwatu uliorowekwa usiku, habasoda kwa asali, na kombe kila Ijumaa. Zaidi ya hivyo siweki kitu mdomoni.

Chupa zitajazwa kesho alfajiri kama ulivyoagiza, na Khatib ataondoka nazo. Mbusu Kazija.

Mama yako,
Mwatum


Chake Chake,
Alhamisi, 11 Februari 1988

Mama yangu Bi Mwatum, shikamoo.

Majibu yako tayari. Choo ni kisafi. Nilikitazama kwenye hadubini mara tatu, kwa sababu kwa ule uchovu nilikuwa nimeshajiambia ni safura, wale minyoo wanaokunywa damu ya mtu. Sikuona hata yai moja.

Mkojo ndio wenye neno. Tunauchanganya na dawa ya rangi ya buluu halafu tunauchemsha. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikiwapo, inageuka kijani, ikizidi inakuwa njano, na ikizidi sana inakuwa rangi ya tofali. Wako umekuwa rangi ya tofali. Hiyo ni sukari, Mama, na si ya kuchezea. Daktari wetu anasema ungekuja akuone na upimwe damu, na mimi nasema hivyo hivyo. Ukiwa bado hutaki, basi anza na chakula.

Sukari usiiguse, ya mchanga wala ya guru. Tende, halua, asali na madafu acha kabisa. Muhogo, ndizi na wali ule kipande kisichozidi ngumi, mara moja kwa siku. Nazi punguza. Mchicha, kisamvu, choroko na samaki wa kuchoma kula utakavyo. Uwatu endelea nao, unasaidia, ila niambie unakunywa kiasi gani. Habasoda iwe bila asali. Kombe unywe, lakini lisitiwe asali wala sukari.

Mzee Jaribu, najua barua hii unaisoma wewe. Nakuomba umsimamie mama katika karatasi hii, maana ni kwa ajili ya uhai wake. Baada ya wiki mbili niletewe mkojo mwingine.

Wako mwana,
Hija


Makoongwe,
Jumapili, 28 Februari 1988

Mkwe wangu Hija, marahaba.

Karatasi yako Mzee ameigongomea misumari minne kwenye mlango wa jiko. Kila mchana anakuja kusimama hapo, anaisoma kwa sauti, halafu anatazama sahani yangu. Siku ya kwanza tulibishana juu ya ngumi. Nilimwambia hukuandika ni ngumi ya nani, kwa hiyo iwe yake. Akasema mwenye ugonjwa ndiye mwenye ngumi. Akaikunja ngumi yangu mwenyewe, akaiweka kando ya muhogo, akakata.

Vitu ulivyonikataza hakutaka viharibike. Tende alizoletewa na ndugu yake, asali, kibati cha halua na mgao wangu wa sukari vyote anampelekea Bi Masika. Huyu ni jirani yetu, ukuta kwa ukuta, mjane, msusi wa mikeka. Ni shoga yangu tangu hatujaolewa. Ni mnene, mzima, na kicheko chake ukiwa pwani unakisikia. Ameniombea dua nyingi kwa sababu ya hizo tende.

Mimi sijapata nafuu. Jana nilikaa chini kisimani mpaka akaja mtu kuninyanyua. Chupa anayo Khatib.

Mama yako,
Mwatum


Chake Chake,
Ijumaa, 4 Machi 1988

Mama yangu Bi Mwatum, shikamoo.

Nimeupima mkojo wa pili. Nilitegemea kuona kijani, au njano kwa uchache. Umekuwa rangi ya tofali hata kabla haujachemka vizuri.

Mama, nisamehe kwa nitakayosema, na Mzee pia anisamehe. Mwili hauna njia ya kutengeneza majibu haya kwa chakula nilichoandika. Iko sukari inayoingia. Sisemi unaficha, nasema labda unasahau, au unaonja kwa jirani. Binadamu ni hivyo, nami nimeyaona kwa wagonjwa wengine. Lakini chupa haioni haya na haimpendelei mtu.

Kuanzia leo muhogo na wali viache kabisa. Na nakusihi uje.

Wako mwana,
Hija


Makoongwe,
Jumamosi, 12 Machi 1988

Mwanangu Kazija,

Barua hii nimempa Khatib mkononi mwake, babako hajui. Uisome peke yako, na ukimaliza uichane.

Mkojo si wangu. Wala choo. Ni vya Masika, mara zote mbili.

Usinicheke. Wewe uliyezaliwa juzi unaona ni jambo dogo. Mimi yule ni mkwe wangu. Tangu amekuoa sijawahi kula mbele yake, akipita uani najifunika, na akiwa ndani sikohoi kwa nguvu. Leo nimkabidhi choo changu kwenye chupa, yenye jina langu, akiweke mbele ya jicho akitazame mara tatu? Niliishika ile chupa ndogo tangu usiku wa manane. Sikuweza. Nikagonga kwa Masika nikamwambia, shoga, nifichie aibu yangu. Akacheka mpaka akaegemea mlango, akachukua chupa akaingia nazo chooni. Nilimchagua yeye kwa sababu ndiye mzima kuliko wote. Nikajua majibu yatasema sina kitu, na habari itakuwa imeishia hapo.

Yaliporudi vile nilidhani mashine zao zimekosea. Mimi ndiye ninayeanguka njiani, Masika anabeba ndoo mbili. Nani angeamini? Akaniuliza chupa zake zimesemaje, nami nikamwambia zimetoka safi, na ile karatasi ya mlangoni ni ya kizunguzungu changu. Kusoma hajui. Ningemwambia kweli angekwenda kuipigia kelele kisiwa kizima kwamba Mwatum kapeleka mkojo wa watu, na babako angesikia kabla ya magharibi.

Kisha Hija akaandika ile barua ya majibu ya pili. Babako sasa ananifuata mpaka nikienda kuomba moto. Nimekonda, meno yananiuma, na yale mambo ya udongo niliyokuwa nikiyafanya wakati nina mimba yako yamenirudia. Nakula udongo wa kichuguu kwa siri. Hilo sikumwandikia mumeo.

Lakini ninayoyaandikia si haya ya kwangu. Masika aliumia kidole cha mguu alipokwenda kuokota chaza, yapata wiki tatu sasa. Hakijapona. Kimekuwa cheusi kwa pembeni. Anakunywa maji siku kutwa, mtungi wake anaujaza mara mbili, anasema ni joto. Na kila siku babako anampelekea tende, mbele ya macho yangu.

Muulize mumeo kana kwamba unauliza habari ya mtu mwingine tu. Mtu mwenye sukari akiwa na kidonda inakuwaje? Usimwambie ni nani.

Mama


Chake Chake,
Jumanne, 15 Machi 1988

Mama,

Khatib atakupa hii mkononi, Baba asiione. Sikuuliza habari ya mtu mwingine. Nimemsomea barua yako yote tangu mwanzo mpaka mwisho, na pale ulipoandika nisimwambie nimepasoma pia.

Hakucheka. Aliniuliza mara mbili kidole ni cheusi kiasi gani, nami nitajuaje? Akavaa akarudi kazini usiku ule ule kuzungumza na daktari. Aliporudi nikamwambia, mama anaona haya. Akasema, najua, kosa ni langu, nilimpelekea mama mkwe chupa kama ninavyompelekea mtu yeyote.

Nina hasira na wewe, Mama. Sikufichi. Siku utakayokuja hapa nitakuwa nimeshapoa, lakini leo ninazo.

Masika asile tena hata punje ya tende. Mwambie wewe, leo leo.

Kazija


Chake Chake,
Jumatano, 16 Machi 1988

Baba yangu Mzee Jaribu Nyange, shikamoo.

Naandika kukiri kosa. Majibu niliyomletea mama si yake. Chupa zilibadilishana na za mtu mwingine, na msimamizi wa chupa hizo ni mimi, hakuna mwingine. Mama hakula kwa kuficha hata mara moja. Nimemtuhumu bila haki na nimemnyima chakula alichokihitaji. Karatasi ile uibandue.

Kesho nakuomba uwavushe watu wawili. Wa kwanza ni mama. Hatanikuta mimi. Atapokewa na Bi Mwanabaraka, mfanyakazi mwenzetu, na chupa zake zitakuwa na namba bila jina. Mimi sitazigusa wala sitayaona majibu, karatasi ya chakula ataiandika Bi Mwanabaraka.

Wa pili ni jirani yenu Bi Masika. Kazija amesikia kuwa ana kidonda mguuni. Huyo aje hata kama hataki.

Wako mwana,
Hija


Makoongwe,
Jumanne, 22 Machi 1988

Hija,

Nimepokea barua yako na nimeitii, kwa sababu ya mke wangu si kwa sababu yako.

Bi Mwanabaraka amempima. Ana safura, na damu yake imepungua sana. Amepewa vidonge vya minyoo na vya damu, na ameandikiwa ale samaki, maini akipata, choroko, mboga, na muhogo na wali kama alivyokuwa akila zamani. Leo amekula sahani nzima mbele yangu. Nilitoka nje ili asinione.

Wiki tano nimekaa nikimpimia mke wangu muhogo kwa ngumi yake mwenyewe. Nimemwita mwongo ndani ya nyumba yake. Uliniambia nimsimamie, nikamsimamia. Sasa wewe unaniambia chupa zilibadilishana. Msikitini wameshaniuliza, na nimewajibu kwamba mkwe wangu si mtu wa kupelekewa kitu cha kupima. Hilo nimelisema mbele ya watu na silirudishi.

Bi Masika hakutaka kuja siku ile, alisema ana mkeka wa arusi wa kumaliza. Jumamosi alikuwa na homa na mguu umevimba mpaka kifundoni. Tumembeba kwa kitanda mpaka kwenye boti. Kwa nini Mwatum analia juu yake usiku na mchana namna ile, sijui.

Jaribu Nyange


Chake Chake, wodini,
Alhamisi, 31 Machi 1988

Shoga yangu Mwatum,

Ni mie Masika. Mkono ni wa mkweo, nimemwita aniandikie kwa sababu wale manesi wanaandika wanavyotaka wao. Huyu nimemwambia aandike ninavyosema, hata nikisema vibaya.

Nnaendelea. Kidole wamekikata, na cha pili yake pia. Mguu umebaki, alhamdulillahi, daktari anasema ningechelewa siku nne ungekwenda wote. Kila asubuhi napigwa sindano. Mkweo ananijia na karatasi yake ya chakula, ananiuliza Bi Masika unapenda nini, hiki hupendi tutafute kingine. Muhogo kanipunguzia, mkate wa kumimina kauondoa, kanipa ugali wa mtama, na pweza kaniachia. Tumegombana sana juu ya chai. Kwa uwatu tumepatana, amesema ninywe tu. Ramadhani nimeambiwa nisifunge mwaka hunu. Hilo nimelia.

Sasa sikiza. Siku ya pili nilipoletwa, walichemsha nkojo wangu hapa hapa nikiona. Ukageuka rangi ya tofali. Mkweo alikuwa kasimama mlangoni. Nikamuuliza, mwanangu, hichi kitu ninacho tangu lini? Akatazama chini. Akasema, sijui, Bi Masika. Ntu ambaye hajui hatazami chini. Nikahesabu mwenyewe. Chupa ya mwanzo niliijaza mie. Ya pili niliijaza mie. Ukaniambia zimetoka safi. Na tende zikaanza kuja.

Nimemwambia mkweo aandike kwa babake mkwe kwamba yeye hakukosea chupa. Hataki. Amesema kosa lilikuwa lake na litabaki lake, na hata maneno haya alikataa kuyaandika mpaka nilipomtishia kushuka kitandani. Kwa hiyo ameandika, na sasa anatoka jasho.

Mie nimelifikiri jambo hili kwa pande zake zote, nnao wakati hapa. Bila ya haya zako mie nisingepimwa. Nani angekuja kuuliza nkojo wa Masika? Mie sina mkwe maabara, sina hata ntoto. Ningekufa na kicheko changu na watu wangesema kapatwa na husuda. Kwa hilo nimekuombea, na nimeomba kwa moyo safi.

Lakini mwezi na ushei ulijua, Mwatum. Mzee Jaribu anavuka uani na sahani, mie napokea, weye umekaa kizingitini unatuona. Nakwambia kidole hakiponi, unaniambia weka chumvi. Ulikuwa na njaa, najua, nawe ulikuwa unaumwa. Haya ya nkwe naijua, ningekuwa mie labda ningefanya kama weye. Haya ya kwangu mie ilitoka wapi? Mie umeniona uchi tangu tuna miaka saba.

Hapa wodini kila ntu ananiambia nisamehe. Hata Kazija, aliyekuja juzi, naye anakukasirikia kuliko mie. Nimewaambia wanyamaze, hawajui wanachosema, kwa sababu weye mwenyewe hujaniambia kitu bado. Yote nimeyasikia kwa kuhesabu na kwa ntu kutazama chini.

Jumapili njoo. Usilete chakula, kuna karatasi. Usimtume Khatib, usimtume Mzee, na mkweo nitamfukuza atoke nje. Uje ukae kwenye kitanda changu uniambie ulichofanya kwa mdomo wako, mwanzo mpaka mwisho, mie nikusikize. Nikishakusikiliza ndio nitajua kama bado nna shoga.

Masika binti Mabruki

Mama, shikamoo. Nimeandika kama alivyosema, sikuongeza wala kupunguza, na Khatib nimemwambia akupe wewe mkononi. Gari la Jumapili linaondoka Mkoani saa moja na nusu. — Hija